Askari Jela Naye Alale Wapi?

Juzi ndani ya matatu, abiria mmoja alisoma habari za mfungwa aliyetoroka, akasema kwa sauti kwamba askari jela hulipwa kulala. Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa dada yangu ni askari jela, na pa kulala hana.

Chumba alichopewa kule laini, kwenye nyumba za askari, anakitumia pamoja na familia ya askari mwenzake, na kinachowatenga ni leso mbili zilizoshonwa pamoja na kuning'inizwa kwenye waya. Akitoka zamu ya usiku alfajiri, upande wa pili ndio kwanza watoto wanaamshwa na stovu inawashwa. Nilipomtembelea mara ya mwisho alijilaza na buti miguuni, akajifunika shuka usoni, na baada ya muda mfupi nikamsikia akihesabu usingizini: mbili, nne, sita, nane. Alipofika arobaini na mbili alishtuka, akaniuliza ni nani amekosekana. Jioni ileile alirudi lindoni.

Novemba 2021, wafungwa 3 wa makosa ya ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti hapa Kenya, Kamishna Mkuu wa Magereza alifutwa kazi na askari kadhaa wakakamatwa. Sikatai kwamba wapo askari wanaopokea hongo na kuingiza simu na bangi, na hao washtakiwe. Lakini tunawezaje kumdai mtu awe macho usiku kucha ilhali mchana tumemnyima kitanda?

Malalamiko haya si mageni. Aprili 2008 askari jela waligoma nchi nzima wakidai marupurupu na makazi ya kibinadamu. Baadaye kikaja kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichowasikiliza polisi, askari jela na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 kwa ajili ya wafungwa, nazo zinataka mishahara ya kutosha na mazingira mazuri ya kazi kwa wanaowalinda, kwa kuwa kazi yenyewe ni ngumu.

Nyongeza ya mshahara ni jambo jema, lakini haijengi ukuta mahali penye leso. Bajeti ijayo ya Magereza ianze na nyumba, mlango mmoja kwa familia moja, na wabunge wetu waulizwe zimekamilika ngapi. Dada yangu ana miaka 11 kazini, na pazia lile la leso ni la tatu; mawili ya kwanza yalichakaa.