Mjomba wangu na "urembo" wake

"Hii ni huduma ya urembo, bima hailipi." Yule binti wa dirishani hata hakuinua macho. Aligonga muhuri, akairudisha fomu ya kuomba mjomba wangu ajengewe taya, akaita namba inayofuata. Mjomba wangu ana miaka 68, amezeekea baharini, kanzu yake ya Ijumaa ni moja, eti anataka urembo. Labda ananificha, kumbe anajiandaa kugombea taji la ulimbwende.

Mwaka jana alikatwa taya la chini upande wa kushoto. Saratani ilianzia kwenye ufizi, kona ileile aliyokuwa akibania ugoro tangu ujana wake. Kuitoa waliitoa vizuri, na bima ililipa. Nawashukuru. Lakini ni sawa na fundi aliyeng'oa nguzo iliyoliwa na mchwa, akafunga vyombo vyake akaaga. Paa je?

Paa ndilo hilo limelala upande. Taya lililobaki, likikosa mwenzake, huvutwa na misuli na kovu kwenda upande uliokatwa. Meno ya mjomba upande wa kulia ni mazima kabisa, ila hayakutani, yanang'ata hewa. Sambusa huiloweka kwenye chai mpaka iwe tope. Udenda humchuruzika bila yeye kuhisi, maana mdomo upande ule umekufa ganzi. Anajua pale tu anapoona macho yako yameshuka kidevuni, ndipo anatafuta kitambaa. Barazani kwenye kahawa hakanyagi tena, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kubisha.

Na tiba ipo! Mwaka 1989 daktari David Hidalgo wa New York alieleza namna ya kuchukua ule mfupa mwembamba wa mguuni, ulio pembeni ya muundi, ambao haubebi uzito mkubwa. Unakatwa vipande, unapangwa ufuate umbo la taya, mishipa yake ya damu inaungwa na ya shingoni. Mtu anaendelea kutembea, na mfupa unaishi kinywani. Baadaye hata meno ya kupandikiza yanaweza kukaa juu yake.

Haya, nakubali: ni upasuaji wa saa nyingi, wanaouweza ni wachache, na mfuko si wa mjomba peke yake. Nakubali pia wapo wanaonyoosha meno kwa ajili ya picha. Walipe wenyewe. (Ingawa mpwa wangu aliyezaliwa na taya la chini limetangulia hawezi kung'ata embe. Naye ni mrembo?)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye fomu ileile kulikuwa na kile kifaa cha kuvaa kwenye meno, cha kuliongoza taya lirudi njia yake. Hakina kisu. Kinafaa kikiwahi, kovu likiwa bado laini. Nacho wamekipiga muhuri uleule. Kila wiki wanayotuzungusha, kovu linakaza.

Tumekata rufaa. Fomu ya rufaa ina nafasi ya mistari sita: "Eleza sababu ya kuhitaji huduma." Nilitaka kumjazia, mjomba akaninyang'anya kalamu, akaandika neno moja: Kutafuna.

Imerudi jana. Maelezo hayajitoshelezi.