Mumi 2,000 kwa keji moja, nani atawalisha?
Mi ni mkulima wa simu, niko Umoja hapa Nairobi na keji, kile kizimba cha wavu cha kufugia samaki ziwani, iko Usenge huko Siaya, anaiangalia binamu yangu. Juzi akanipigia nikiwa kwa foleni ya matatu, ati tuweke mumi, yaani kambare, 2,000 kwa ile keji ya mita mbili kwa mbili kwa mbili. Mi nilitaka 800. Tukabishana mpaka kredo ikaisha.

Ukweli usemwe, jamaa ana hoja. Mumi si ngege (tilapia). Novemba 2022 ngege walikufa kwa wingi kwa keji za upande wa Kisumu maji yalipokosa oksijeni, lakini mumi huvuta hewa ya juu, anapanda anabugia anarudi chini, bora tu usizamishe keji yote. Tena mumi wakiwa wachache ndio wanagombana zaidi, kila mmoja anataka pake, wakijaa wanatulia. Na mlinzi wa usiku analipwa zile zile, uwe na 800 ama 2,000.

Sasa piga hesabu ya chakula. Wakifika gramu 200 kila mmoja, 2,000 ni kilo 400 za samaki, walishe asilimia 3 ya uzito wao hiyo ni kilo 12 kila siku, na hapo bado hawajafika saizi ya sokoni. 800 wanakula kama kilo 5. Mfuko ukikauka katikati mumi hangoji M-Pesa, anameza mwenzake. Wale wawili watatu waliotangulia kunenepa wanaanza na wadogo, baadaye unahesabu unakuta wamepungua na hujaona hata mmoja ameelea. Dawa ni kuwatoa na kuwatenganisha kwa saizi tangu wakiwa vifaranga, haya, nani atatenganisha 2,000, wana miba kwa mapezi inayonasa kwa wavu, na binamu yuko peke yake na mtumbwi wa kukodi?

Halafu kuna pelleti, zile punje za chakula zinazoelea. Desemba nilienda nikaona kwa macho yangu, anarusha konzi moja, upepo unazisukuma, zinapenya kwa matundu ya wavu zinatoka nje, vijisamaki vya ziwani vinakula pesa yangu. Hakuwa ameshona ule wavu mdogo wa kuzungushia pale juu. Anasema basi tununue za kuzama, ni bei nafuu, sawa, lakini hizo utajuaje wameshiba ama zinaozea chini?

Soko nalo, jirani yangu Msabato hagusi samaki asiye na magamba kama mumi, na hayuko peke yake hapa Nairobi.

Tumekubaliana 1,000, wavu ushonwe kwanza na pesa ya chakula ya miezi yote iwekwe kando kabla ya kununua vifaranga. Amesema sawa sawa haraka mno, nashuku ashaagiza 1,500.