Juni 1996 isisahaulike
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kuwa kampuni ya mieleka ya WCW iliipiku mpinzani wake WWF kwa watazamaji wa televisheni kwa sababu mwanamieleka nyota Hulk Hogan aliwageuka mashabiki wake tarehe 7 Julai 1996 huko Daytona Beach, lakini hesabu ya miezi haimuungi mkono. Mwanamieleka Scott Hall alikuwa ameshapenya katikati ya watazamaji wa Nitro, kipindi cha WCW, tarehe 27 Mei, akiwa na nguo zake za kawaida, akapanda ulingoni na kudai maikrofoni. Mwenzake Kevin Nash akamfuata tarehe 10 Juni, na ule ushindi wa Nitro wa wiki 83 mfululizo dhidi ya Raw, kipindi cha WWF, ulianza Juni hiyohiyo, Hogan akiwa bado hajawageuka mashabiki. Takataka zilizorushwa ulingoni usiku wa Daytona (na zilikuwa nyingi kwelikweli) zilitokana na hamu iliyokwisha kuchochewa. Mliokuwa mkifuatilia wakati ule, kabla Hogan hajajitokeza, mlimtarajia nani awe mtu wa tatu wa kuungana na Hall na Nash?