Mifumo ikitumiana data, isitumiane Kiswahili

Nakipenda Kiswahili, na bado nasema: huduma mbili za intaneti zinapopeana taarifa, zisipeane kwa Kiswahili. Wala kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha ni ya mtu aliyeshika simu, imsubiri huko.

Chukua fedha. Mfumo wa Lubumbashi ukituma "1.500", unamaanisha elfu moja mia tano, maana huko nukta hutenga maelfu. Mfumo wa Dar es Salaam unaisoma moja na nusu. Malipo yanapita kimya kimya na mtu anapunjwa. Ukisema basi tutume senti, Uganda inakungoja: kwa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Kenya ina desimali mbili, ya Uganda haina hata moja. Hivyo 150000 ni shilingi 1,500 Nairobi, na 150,000 Kampala. Kiasi chochote kisafiri na msimbo wa sarafu yake, KES ya Kenya, UGX ya Uganda au CDF ya Kongo, na anayekipokea aijue kanuni ya sarafu hiyo.

Linaloniuma zaidi ni majina. Andika Ng'ang'a kwenye simu, na mara nyingi kibodi itageuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho jina ni lile lile. Katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake, hizo ni alama mbili, U+0027 na U+2019. Benki ina moja, huduma ya malipo inaleta nyingine, na mwenye jina anaambiwa taarifa zake hazilingani. Arudi kitambulisho mkononi, apange foleni, kwa sababu tu msanidi programu hakusawazisha alama hizo kabla ya kulinganisha. Huo ni uonevu, na dawa yake ni mistari michache ya programu.

Saa nazo zitumwe kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima: Nairobi iko saa tatu mbele yake, Kigali mbili, Kinshasa moja.

Data ikishamfikia mtumiaji, hapo ndipo nataka Kiswahili kamili. Kosa lisafiri kama msimbo, kisha programu ya simu imwambie mtu "Salio halitoshi". Lugha pia isikisiwe kwa mahali alipo. Kivinjari chake tayari hutuma lugha anazozitaka, kwenye sehemu ya ombi iitwayo Accept-Language, lakini kuna huduma zinazotazama anwani ya IP tu, na Mkenya aliye Doha anafunguliwa Kiarabu.

CLDR, hazina ya Unicode ya kanuni za lugha na nchi mbalimbali, tayari ina sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD, yaani Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, pamoja na kanuni za tarehe na tarakimu. Wasanidi wetu waache kuandika en-US, Kiingereza cha Marekani, kila mahali kwa mazoea.