Kahawa ya mama mkwe na vitambaa vya kochi

Mama mkwe wangu amelima kahawa Kirinyaga tangu kabla sijamjua binti yake, na siku zote hizo amekuwa akinywa chai. Huichuma ikiwa nyekundu, huipeleka kiwandani ipimwe, kisha hurudi nyumbani na kubandika sufuria ya majani na maziwa. Kwa hivyo Jumamosi ile alipotua kwetu Umoja, akatia mkono kwenye kiondo na kutoa kilo nzima ya kahawa iliyokwisha kukaangwa, nilijua limenifika.

"Baba Pendo," akasema, "hii ni SL, aina ya mbuni wetu, tena AA, daraja la punje kubwa. Ndiyo ile inayolipiwa pesa na Wazungu. Kesho asubuhi nisagie, unipikie, niionje kabla sijafa."

Mkwe hakataliwi. Lakini cha kusagia hakikuwapo. Kile kinu kidogo cha kuzungusha kwa mkono, chenye meno ndani, nilishawahi kukishika katika duka moja mjini. Nikasoma bei, nikakirudisha polepole kama mtoto wa mtu. Kinu na mchi tunavyo, ila tunakaa ghorofa ya tatu, na jirani wa chini ana kidole chepesi kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Kilichobaki ni kile kikombe kidogo cha blenda ambacho Mama Pendo husagia iliki, mdalasini na bizari nzima. Nikakinusa. Pilau. Usiku huo nikasagia ndani yake kiganja cha mchele mkavu, nikaumwaga, nikapangusa kwa kitambaa. Mbinu hiyo ni ya kweli, mchele hubeba harufu na mafuta. Ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa.

Sasa, soketi ya jikoni iliungua zamani. Inayofanya kazi iko sebuleni, nyuma ya kochi. Na juu ya makochi kulikuwa na vitambaa. Vyeupe, vya kufuma kwa mkono, uzi wa pamba, vimefuliwa na kupigwa pasi Ijumaa kwa heshima ya mgeni. Vilikuwa kumi na viwili. Idadi naijua kwa sababu baadaye nilivisugua kimoja kimoja.

Saa kumi na moja alfajiri nikajaza kikombe hadi juu, nikakifunga taulo kupunguza kelele, nikabonyeza. Blenda haisagi, hukatakata. Inatakiwa ubonyeze sekunde mbili, uachie, utikise, ubonyeze tena. Mimi nilibonyeza nikashikilia, kama dereva wa matatu aliyekwama Jogoo Road. Nilipoachia, kikombe kilikuwa cha moto na chumba kinanukia.

Nikafungua. Unga ulikuwa umeng'ang'ania ndani ya kifuniko, umesimama wima kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Chini yake, punje nyingine zilikuwa nzima vilevile, hazina habari. Na yale makapi membamba ya kahawa, mepesi kuliko magamba ya omena, yakaanza kuruka yenyewe bila upepo na kunata kwenye vinyweleo vya mkono wangu. Nikakung'uta kifuniko kwa kiganja, pa! Wingu. Mengine yakatua ukingoni mwa kochi, kwenye kitambaa kimoja tu. Kimoja! Hapo ningeacha. Badala yake nikainama, nikapuliza.

Vikawa vitano. Nikakimbia kuleta kitambaa kibichi nifute. Naomba mtu yeyote mwenye akili anieleze: unga wa kahawa ukitiwa maji huwa nini? Kila nilipofuta, nilikuwa natengeneza kinywaji juu ya kochi.

"Baba Pendo," sauti ikatoka mlangoni, "huku Nairobi kahawa hunywewa na makochi?"

Mama mkwe alikuwa ametoka kunawa uso, kilemba kichwani, mikono ikidondosha maji. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisogea, akachota punje kwa mkono uleule mbichi, akazitia kikombeni, nusu tu, akaniamuru nisage kidogo kidogo. Nikafungua nikiwa nimeziba pumzi. Hakuna kilichoruka. Unga ulianguka chini kwa adabu.

Nilidhani ni heshima ya mwenye shamba. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo: punje zikisuguana na kuvunjika huzaa umeme kidogo, ndio unaorusha unga na kuunatisha, na maji kidogo kabla ya kusaga huupunguza. Miongoni mwao walikuwemo wataalamu wa volkano, maana majivu ya volkano nayo hupata umeme vivyo hivyo. Kumbe sebule yangu ilikuwa Longonot ndogo. Siku hizi nachovya mpini wa kijiko majini, nakorogea punje, nasaga, nasubiri kidogo, halafu nakifungulia kikombe ndani ya sufuria kubwa. Jikoni. Soketi nilitengeneza Jumatatu yake.

Mama Pendo aliamka tukiwa tunachuja. Akatazama makochi. Akanitazama mimi, makapi bado yako kwenye nyusi. Akasema neno moja tu, "Sawa," na mwanamume aliyeoa anajua "sawa" ile ina maana gani.

Mama mkwe akapewa kikombe cha kwanza. Akanusa, akafumba macho, akaonja. Kimya. Miaka yote ya kupogoa na kunyunyiza dawa ilipita usoni pake.

"Ni chungu," akasema, akakisukuma kando. "Na hawa watu wanalipa?"

Kisha akanyanyua kitambaa kimoja, akakiangalia pale palipolowa, akakielekeza dirishani. "Lakini rangi yake ni nzuri."

Tulichemsha karibu nusu kilo ya AA, ile ya Wazungu, kwenye sufuria ya kupikia githeri, na vitambaa vyote kumi na viwili vikalala ndani hadi jioni. Vilitoka rangi ya udongo wa Kirinyaga, vyote sawasawa. Jirani wa chini amekwisha kupanda ngazi mara mbili kuuliza tumevinunua wapi.