Fukwe tulivu za Pangani: zitangazwe au ziachwe?

Likizo ya mwisho wa mwaka ikikaribia, watu wa Dar es Salaam, Arusha na Moshi huanza kuulizana: twende bahari gani isiyo na msongamano, na bila kugharamia boti ya Unguja? Mimi hujibu Pangani. Na kila nikijibu hivyo, hatakosekana wa kunilaumu kwamba nikizidi kupasema pataharibika. Lawama hiyo ina uzito, hasa sasa ambapo barabara ya lami ya Bagamoyo–Saadani–Pangani–Tanga, yenye jumla ya kilomita 256, inajengwa pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani.

Tuanze na sababu za utulivu wenyewe. Kusini mwa mto, kutoka Bweni kwenda Ushongo, Mkwaja na hadi Saadani, ufukwe umenyooka kilomita nyingi, minazi nyuma, ngalawa zimevutwa juu ya mchanga, na wengi utakaokutana nao ni wavuvi. Lakini asidanganywe mtu kwamba ni Nungwi iliyosahauliwa. Mto unamwaga tope, na wakati wa masika maji ya karibu na mlango wake huwa ya kahawia. Anayetaka maji maangavu asogee mbali na mlango wa mto, au akodi boti mpaka fungu la mchanga la Maziwe, na safari hiyo ni nzuri zaidi wakati wa upepo wa kaskazi kuliko wakati kusi inavuma kwa nguvu.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, na mgeni aliyeamka na taulo begani anakuta bahari imeondoka. Saa hiyohiyo ndiyo wanawake wa kijijini wanashuka na ndoo na vijiti vyao, wanapita juu ya miamba iliyobaki wazi, wanachokoa pweza shimo baada ya shimo. Ukitaka kuogelea, subiri alasiri, maji yakisharudi. Kwa hiyo huo ufukwe tunaouita mtupu una watu wake na ratiba yake. Ni sisi tu tusioijua.

Wanaotaka pabaki kimya wana mifano mizito. Maziwe kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kikiwa kisiwa chenye mivinje na kinachopendwa na kasa kutagia. Miti ikaisha, kisiwa kikamomonyoka, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanapanda kutaga pale, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Sasa fikiria Ushongo yenyewe ikijaa taa kali za hoteli usiku. Kasa jike huogopa mwanga anapopanda kutaga, na watoto wake wakianguliwa huufuata wakidhani ndiko baharini. Ufukwe huo ukiharibika, mayai hayo hayana pa kuhamishiwa tena kirahisi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa 2005 na ambayo ndiyo pekee ya bara inayogusa bahari, ufukwe wa Madete ni mazalia mengine ya kasa. Hoja hii siipuuzi hata kidogo.

Ila utulivu huu una anayeulipia, na si mgeni. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya kaskazini. Mama mjamzito wa Bweni anategemea kivuko, na kivuko kikiharibika anategemea mtumbwi. Mwenye nazi, mwenye samaki, mwenye bodaboda, wote hupanga foleni hapohapo. Sioni kwa haki gani mtu wa mjini amwombee mwenzake akose daraja ili yeye apate wikendi mbili za kimya kwa mwaka.

Je, barabara lazima ilete umati? Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, na leo unakwenda Kilwa Masoko kwa lami, lakini ufukwe wa Jimbizi umeendelea kuwa mtulivu. Kigamboni, kwa upande mwingine, daraja lilifunguliwa 2016, na maeneo mengi ya ufukwe sasa unayafikia kwa kupita getini na kulipa kiingilio. Tofauti yao ni ukaribu na jiji. Kinachojaza Unguja, nacho, ni ndege zinazotua moja kwa moja kutoka Ulaya na Ghuba. Pangani haina uwanja wa aina hiyo, lakini barabara mpya itaisogeza Dar es Salaam karibu. Naitazamia ijae watu wa nchini siku za sikukuu, na kiasi hicho kinabebeka. Mama lishe wa Pangani anakihitaji.

Ninachokiogopa mimi ni viwanja. Bei ya ardhi huanza kupanda barabara ikiwa bado ni vigingi, na mwenye shamba la minazi huuza kabla hajajua anauza nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Izingatiwe, na pia itazamwe pale isipogusa: mita 60 zinaweza kubaki wazi mbele ya hoteli huku njia za kuzifikia zimezibwa kwa kuta pande zote. Mvuvi anahitaji diko la kushushia samaki na kichochoro cha kupita na nyavu. Mwanamke wa pweza anahitaji kushuka saa maji yanapopwa, bila kujieleza kwa mlinzi.

Kwa hiyo namuunga mkono anayetaka barabara, na kwa asiyetaka nakubali jambo moja zito: mpangilio utangulie. Vijiji vya Bweni hadi Mkwaja viandikishe madiko na njia za umma kwenye mipango yao ya matumizi ya ardhi sasa, kabla wapimaji wa watu binafsi hawajaingia. Taa za upande wa bahari ziwekewe masharti tangu kwenye kibali cha ujenzi. Na wewe unayekwenda Desemba, ukifika nyumba ya wageni, muulize mwenyeji wako wavuvi wanashukia wapi, na kama njia yao bado iko wazi. Ukiambiwa imefungwa na uzio wa hapo ulipofikia, tafuta pa kulala pengine.