Biti ya SMP haitaponya basi lako la I2C

Kuna ushauri unaozunguka sana kwa wapenda elektroniki: kihisi kikigoma kuongea kwa I2C na PIC16F877A (kompyuta ndogo ya chipu moja), geuza biti ya SMP, swichi ya mipangilio iliyo ndani yake, uone. Naupinga. Biti hiyo ina kazi yake, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

I2C, basi (njia ya pamoja ya chipu kuwasiliana) iliyobuniwa na Philips mwaka 1982, ina nyaya mbili, SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa. Katika kasi za kawaida hakuna chipu inayosukuma volteji juu. Chipu huvuta waya chini tu. Ikiuachia, rezista iliyofungwa kwenye volti 5 au 3.3 ndiyo inayoupandisha. Kwa hiyo ukitumia SMP kuwasha udhibiti wa kasi ya mabadiliko ya volteji, unagusa upande wa kushuka peke yake. Transista ya ndani haiangushi waya ghafla bali inaushusha kwa mteremko, ili kelele za umeme zisirukie waya jirani.

Mteremko huo unahitajika kwenye kasi ya kilohezi 400, si kwenye kilohezi 100. Katika SSPSTAT, rejista (kisanduku cha biti ndani ya chipu) inayobeba SMP, biti hiyo ikiwa 0 udhibiti umewashwa, na ikiwa 1 umezimwa. Naam, moja ni kuzima! Jina nalo halisaidii, kwa kuwa ni la upande wa SPI, njia nyingine ya chipu kuwasiliana, ambako biti hiyohiyo huchagua wakati wa kusoma data inayoingia. Sishangai watu wakipotea hapo.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye kupanda kwa volteji. Muda wa kupanda ni takriban 0.85 mara ukinzani mara kapasitansi ya waya (uwezo wake wa kuhifadhi chaji). Rezista ya kiloomu 4.7 na pikofaradi 100 hukupa karibu nanosekunde 400. Kwenye kilohezi 100 hilo halina neno, kwani kikomo ni nanosekunde 1000. Kwenye kilohezi 400 kikomo ni 300, kwa hiyo umeshavuka, na SMP uigeuze utakavyo hutapata hata nanosekunde moja. Weka kiloomu 2.2 ushuke hadi 190 hivi.

Usishuke ovyo, lakini. Chipu nyingi zimeahidiwa kuhimili miliampia 3 tu zinapovuta waya chini. Kwa volti 5 hiyo ni kama kiloomu 1.5, si chini ya hapo. Moduli nyingi za bei nafuu huja na rezista zake tayari zimechomelewa. Ukiunganisha tano zenye kiloomu 4.7 kila moja, zinakuwa sambamba na jumla inabaki omu 940. Hapo kuna chipu itakayoshindwa kuufikisha waya chini inavyotakiwa, nawe utakuwa bado unahangaika na rejista. Chomoa rezista za moduli nne, bakiza jozi moja, kisha tazama SCL kwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji kwenye skrini, kabla hujagusa msimbo.